Mpishi wa Jiko Asiloliona



Mwaka 1998 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kurusha mfululizo mpya wa vipindi vya mapishi. Katika kipindi cha kwanza alitokea mwanamke wa miaka 57, nguo zake za kawaida, sauti yake ya upole, akaanza kuwafundisha Waingereza namna ya kuchemsha yai. Yai la kuku, kwa sufuria na maji, basi.

Watu walicheka. Magazeti yalipata cha kuandika, na mpishi mwenzake mmoja wa televisheni, tena mwenye jina kubwa, akatamka hadharani kwamba huko ni kuidharau akili ya mtazamaji. Nani asiyejua kuchemsha yai? Lakini madukani mambo yalikuwa mengine. Iliripotiwa kwamba mauzo ya mayai Uingereza yalipanda kwa asilimia 10 hivi. Kwa hiyo kuna watu, na si wachache, waliocheka mbele za watu kisha usiku wakasimama jikoni peke yao wakikodolea macho saa ya ukutani.

Mwanamke huyo anaitwa Delia Smith. Nimemchagua leo kwa sababu kila baada ya miaka michache televisheni hutuletea mpishi mpya wa kurusha vitunguu hewani, wa kutukana wapishi wadogo, wa kupiga picha mboga kana kwamba ni bibi harusi. Wanakuja, wanavuma, wanakwenda. Delia, ambaye hata wanaompenda hukiri kwamba hana mbwembwe hata chembe, vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 21, na siku ya wageni ndivyo vinavyotolewa kabatini, kurasa zimegandana kwa siagi. Swali langu ni jepesi: kwa nini?

Tuanze na hilohilo yai, maana ndani yake mna jibu karibu lote.

Delia anasema yai lisitoke kwenye friji likaingia moja kwa moja kwenye maji ya moto, litapasuka. Chukua pini, toboa upande ule mpana wenye kijifuko cha hewa, ili hewa ipate pa kutokea. Maji yawe yanatokota taratibu, yasiwe yanaruka. Shusha yai kwa kijiko, hesabu dakika moja kamili. Sasa ondoa sufuria motoni kabisa, funika, uanze kuhesabu upya: dakika sita ukitaka kiini kiwe cha majimaji na ute umeshika kidogo tu, dakika saba ukitaka kiini kizito zaidi.

Umeona alichofanya? Angeweza kusema "chemsha dakika nne", kama wasemavyo wengi. Lakini dakika nne za jiko gani? Jiko lako la gesi lina moto mkali, la mwenzako la umeme linasuasua. Kwa hiyo amelitoa jiko kwenye hesabu. Baada ya ile dakika ya kwanza, moto umezimwa; yai linaiva kwa joto la maji yaliyofunikwa, na maji yaliyofunikwa hayajali yamepashwa na gesi au umeme. Mama mmoja huko Scotland na kijana mmoja wa chuo huko London, wenye majiko tofauti na mikono tofauti, watapata yai lilelile. Huyu ni mpishi aliyekaa akalifikiria jiko ambalo hataliona maishani mwake.

Nami nadhani hiyo ndiyo siri yenyewe. Mpishi hodari wa hotelini hupika jikoni kwake, kwa moto anaoujua, kwa sufuria alizozizoea. Mpishi wa televisheni anayeaminika hupika jikoni kwa mtu mwingine, jiko asiloliona, mikononi mwa mtu asiyemjua, na mtu huyo huenda anaogopa.

Kuogopa, Delia alikujua. Alizaliwa mwaka 1941, mji wa Woking, kusini mwa Uingereza. Aliacha shule akiwa na miaka 16 bila cheti chochote. Akafanya kazi saluni, akauza dukani, akafanya kazi kwa mawakala wa safari. Akiwa na miaka 21 aliingia katika mgahawa mdogo mtaa wa Paddington, London, kuosha vyombo. Kutoka kwenye karo la vyombo akapandishwa kuhudumia wateja, kisha taratibu akaruhusiwa kusaidia kupika. Hakupitia chuo cha upishi. Alikwenda kusoma vitabu vya kale vya mapishi ya Kiingereza katika chumba cha kusomea cha jumba la makumbusho la British Museum, kisha anarudi nyumbani kuyajaribu kwa familia aliyokuwa akiishi nayo. Wakila wakasifu, anaandika. Wasipomaliza sahani, anarudi tena vitabuni.

Mwaka 1969 alipata nafasi ya kuandika mapishi katika jarida jipya la gazeti la Daily Mirror. Mhariri mmoja wa jarida hilo baadaye alimuoa, lakini hayo ni ya kwao. Mwaka huohuo, na hili huwashangaza wengi, ndiye aliyeoka ile keki iliyo kwenye jalada la albamu ya Rolling Stones iitwayo Let It Bleed. Aliagizwa aifanye iwe ya kung'aa kupita kiasi, akafanya kama alivyoagizwa. Ndiyo mbwembwe pekee ninayoijua katika kazi yake yote, na hata hiyo ilikuwa oda ya mteja.

Televisheni ilimpata mwaka 1973 kwa kipindi kilichoitwa Family Fare. Kisha mwaka 1978 ikaja kazi kubwa, Delia Smith's Cookery Course, somo zima la upishi tangu mwanzo, likiwa na vipindi na vitabu vyake. Ili uelewe Waingereza walivyompokea, inabidi ujue walikuwa wametoka wapi. Kabla yake malkia wa upishi kwenye skrini yao alikuwa Fanny Cradock. Bibi huyo alipika akiwa amevaa gauni la dansi, nyusi zimechorwa juu ya paji la uso, mwenzi wake pembeni akiamrishwa huku na huko. Alikuwa burudani tosha, na sitaki kumnyima haki yake, aliwafanya watu watamani vyakula ambavyo hawakuwahi kuvisikia. Ila mtazamaji alibaki mtazamaji. Mwaka 1976, katika kipindi cha BBC, aliletewa mama wa nyumbani kutoka Devon aliyepata nafasi ya kuandaa karamu kubwa. Fanny akaisikiliza orodha ya vyakula vya yule mama, akakunja uso kana kwamba anataka kutapika, mbele ya kamera. Nchi nzima ikachukia. Kazi yake ya televisheni ikaishia pale. Watazamaji walijiona ni wao waliodharauliwa jikoni kwao.

Delia aliingia kwenye uwanja huo. Hapandishi sauti. Hamuulizi mtu kama anajua. Anachukulia kwamba hujui, na kwamba kutojua si aibu.

Chukua mfano wa sosi nyeupe, ile ya maziwa na unga ambayo Wazungu huimwaga juu ya karibu kila kitu. Vitabu vinasema yeyusha siagi, kaanga unga ndani yake, kisha tia maziwa kidogo kidogo huku unakoroga bila kupumzika. Ukizembea, madonge. Vizazi vya wasichana wa Kiingereza vimelia juu ya madonge hayo. Delia akasema, weka vyote kwa pamoja vikiwa baridi: maziwa mililita 425, unga gramu 20, siagi gramu 40. Washa moto, piga kwa waya wa kupigia mayai mpaka iwe nzito, punguza moto hadi mwisho kabisa, iache dakika tano ili ladha ya unga mbichi iondoke. Imekwisha. Wapishi wa hoteli kubwa waliguna, kwa kuwa hakuna tena ufundi wa kujivunia pale. Mke na mume waliorudi kutoka kazini saa moja usiku hawakuguna.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho wewe msikilizaji una ruhusa ya kukipinga: mchele.

Delia anapima mchele kwa ujazo, hapimi kwa uzito. Mimina mchele wa basmati kwenye jagi ya kupimia hadi mililita 275, unatosha watu wanne. Maji yanayochemka, mara mbili yake. Kaanga kitunguu kidogo kwa mafuta kiasi, tia mchele ugeuke mara chache ung'ae, mwaga maji na chumvi, koroga mara moja. Mara moja tu. Funika, punguza moto, dakika 15, na hapo anakuwa mkali kweli: usifunue, usichungulie, usikoroge. Dakika zikitimia, onja punje chache. Zikiwa tayari, toa sufuria motoni, ondoa mfuniko, tandaza kitambaa safi cha jikoni juu ya sufuria, uache dakika chache kinyonye mvuke, ili punje ziachane.

Mtu wa Tanga, wa Lamu au wa Unguja akisikia hayo atacheka, maana ni habari anazozijua tangu utotoni. Ni nani kwetu asiyekatazwa kufunua sufuria ya wali? Mwiko ulioingizwa kwenye wali bila ruhusa ulileta bokoboko, na mkono uliouingiza ukapata habari yake. Hicho kitambaa chake nasi tuna chetu, na zaidi ya kitambaa tunapalia: makaa juu ya mfuniko, moto wa chini umepunguzwa, mvuke unakaukia humo humo. Pale alipokosa ni tui, lakini hilo tumsamehe, Woking hakuna minazi.

Kwa hiyo maarifa si mageni. Kigeni ni ile jagi. Na hapa nataka nikae kidogo.

Bibi zetu hawakupima, na watu hupenda kusema hivyo kwa majivuno, kwamba mkono wa bibi ulikuwa mizani. Ni kweli ulikuwa mizani, lakini mizani hiyo ilifanya kazi kwa sababu mwanafunzi alikuwa amesimama pale pale. Bibi akisema "tia maji ya kutosha", binti anaona kidole cha bibi kimezama ndani ya sufuria hadi kiungo cha kwanza, kucha imegusa mchele. Anaona. Anasikia sauti ya maji yakikauka, ule mlio wa sufuria unapobadilika. Akikosea, mkono unamshika kabla chumvi haijadondoka. Maneno ya bibi yalikuwa machache kwa kuwa somo halikuwa kwenye maneno.

Sasa mwondoe bibi, ubakize maneno tu. Binti yuko Muscat, au Toronto, au yuko Dodoma kwenye chumba cha kupanga, na shangazi yuko Pangani kwenye simu: "Tia tu maji ya kutosha, mwanangu, utaona mwenyewe." Ataona nini? Hajawahi kuona. Yale maneno yaliyotosha jikoni hayatoshi hewani, na wanaofundisha upishi kwenye skrini wengi wao hawajaligundua hilo. Wanasema kama bibi, bila kidole cha bibi.

Mwenye kuujua vizuri mkasa huu ni Madhur Jaffrey. Alitoka India kwenda London kusomea uigizaji katika chuo cha RADA, akafika hajui kupika hata chai ya maana. Chakula cha chuo kikamshinda. Akamwandikia mama yake, na mama akawa anamjibu kwa barua za ndege, mapishi ndani ya barua. Ndivyo mwigizaji yule alivyojifunza kupika, kwa maneno yaliyovuka bahari bila mkono wa kuyasindikiza. Nadhani ndiyo maana baadaye, BBC ilipompa kipindi cha mapishi ya Kihindi mwaka 1982, alijua nini cha kusema na kwa kipimo gani. Mwenyewe husimulia kwamba alipika kuku wa limau na kotmiri mbichi, na kesho yake mji wa Manchester ukaishiwa kotmiri. Nasi tumo kwenye hadithi hiyo kwa upande. Kotmiri wakati ule haikuwa bidhaa ya kila duka Uingereza, iliuzwa zaidi kwenye maduka ya Waasia, na miongoni mwa Waasia wale walikuwamo wengi waliotoka Afrika Mashariki, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972. Mnunuzi wa Kiingereza aliingia dukani kuulizia kijani alichokiona kwenye televisheni, na aliyemuuzia huenda alikulia Jinja au Kampala.

Upande wa pili wa bahari, Marekani, alikuwako mpishi wa televisheni Julia Child, ambaye watu humkumbuka kwa kimo chake, kwa sauti yake ya kupanda na kushuka, na kwa siku ile alipogeuza andazi la viazi likaanguka juu ya jiko, akaliokota, akalirudisha kikaangoni, akaendelea kuwaambia watazamaji kwamba wako peke yao jikoni, nani ataona? Kipindi chake, The French Chef, kilianza Boston mwaka 1963. Kwa sababu ya vichekesho hivyo wengi hudhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Hapana. Alipotaka kuandika namna ya kuoka mkate wa Kifaransa katika oveni ya kawaida ya nyumba ya Kimarekani, yeye na mumewe walitumia kwa majaribio zaidi ya kilo 120 za unga. Shida ilikuwa mvuke. Oveni ya mwoka mikate wa Paris ina mvuke unaoufanya mkate uwe na gamba la kuvunjika, oveni ya nyumbani haina. Wakajaribu hiki na kile, hadi wakafikia kupasha tofali na kulitumbukiza kwenye trei ya maji chini ya mkate, ili mvuke ufumuke ghafla. Hakika si jambo la kifahari, mtu na mumewe kuhangaika na tofali la moto jikoni. Lakini msomaji wa Ohio ambaye hajawahi kufika Paris alipata mkate.

Nirudi kwa Delia. Uaminifu wa namna hii ukishajengeka, una nguvu inayotisha kidogo. Alipotumia tunda dogo jekundu liitwalo cranberry katika kitabu chake cha majira ya baridi cha mwaka 1995, maduka yaliishiwa. Alipopendekeza kikaango fulani kidogo cha kukaangia mayai, kilichotengenezwa na kiwanda kidogo kaskazini mwa Uingereza, iliripotiwa kwamba kiwanda kilichokuwa kikiuza vikaango 200 kwa mwaka kiliuza 90,000 kwa miezi minne. Mwaka 2001 kamusi ya Collins ikaingiza jina lake kama neno. Wapishi wa mbwembwe hawapati hayo, na sababu iko wazi. Ukimwona mtu anarusha nyama ya kuwashwa moto hadi darini, unashangilia, hukimbilii dukani kununua pombe ya kuwashia. Ukimwona mtu kama wewe, kikaango mkononi, anapindua yai na yai linapinduka, unajiambia: kumbe shida yangu ni kikaango.

Wanaomkosoa husema anachosha. Kwamba mapishi yake hayana roho, kwamba amewafundisha Waingereza kutii, hakuwafundisha kuonja. Hoja hii ina kitu, siwezi kuitupa. Mtu anayepika kwa kufuata dakika anaweza kupika miaka ishirini bila kuujua wali kwa pua. Lakini hoja hiyo husemwa zaidi na watu ambao hawaogopi jiko. Aliyewahi kualika wakwe, na nyama iko motoni, na hajui kama imeiva, hataki kuambiwa aisikilize roho yake. Anataka saa. Uhuru wa kuongeza pilipili huja baadaye, baada ya mara kadhaa za kufaulu, na kufaulu kule kwa kwanza lazima mtu akupe.

Mwaka 2008 Delia alipata msukosuko ambao kwangu mimi unaonyesha mkataba wake na watu ulivyokuwa. Alitoa kitabu cha njia za mkato, How to Cheat at Cooking, jina lilelile la kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1971. Ndani yake mna nyama ya kusaga ya kopo, viazi vilivyopondwa vya kwenye friza, na vitu vya namna hiyo. Kiliuzwa sana. Lakini kelele zilizopigwa, utadhani askofu ameonekana baa! Wengi waliokasirika walikuwa wapenzi wake wa miaka mingi. Yeye alikuwa anafikiria jiko asiloliona, kama kawaida yake: mtu aliyechoka, amerudi usiku, hana nguvu ya kumenya viazi. Lakini mtu yule, hata kama viazi vya friza alikuwa akivitumia kila wiki, hakutaka Delia ajue. Kwa Delia alikuwa anakwenda kuwa mpishi bora kuliko alivyo. Nadhani hesabu ya viazi aliipata, ya mioyo ya watu ikamponyoka, na mpishi wa televisheni anabeba hesabu zote mbili.

Mbali na jiko, huyu mama alikuwa na klabu ya mpira. Yeye na mumewe walikuwa kwa miaka mingi wenye hisa kubwa za Norwich City, na mwezi Februari 2005, wakati wa mapumziko katika mechi dhidi ya Manchester City, aliingia uwanjani na kipaza sauti kuwakaripia mashabiki wake mwenyewe kwa kukaa kimya. Video hiyo bado inazunguka. Waliozoea sauti yake ya kupima unga hawakuamini. Mimi ilinifurahisha, kwani iliniambia kwamba ule utulivu wa jikoni haukuwa upungufu wa damu. Alikuwa ameamua kwamba jikoni mwa mtu mwingine haingii na kelele zake.

Mwaka 2013 alisema basi kwa televisheni, akaanzisha shule ya mapishi ya bure kwenye mtandao, baada ya kuona kwamba televisheni sasa inataka burudani kuliko somo. Na mtandaoni ndiko nasi tuliko. Ukifungua simu leo utakuta mamia ya video za mapishi kwa Kiswahili, kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar, Bujumbura hadi Ughaibuni. Nyingine ni nzuri mno, mikono safi, sambusa zimekunjwa kwa pembe sawasawa hadi unatamani kuzihesabu. Lakini sikiliza maelezo: "weka unga wako", "weka hamira yako", "maji kiasi", muziki unapanda, mara sahani imeshapambwa. Yaliyotokea kati ya unga na sahani, Mungu ndiye ajuaye. Na ukisoma maoni chini, swali ni lilelile kila mara: dada, unga kiasi gani?

Yapo mambo ya kwetu yanayofanya kupima kuwe kugumu, na mpishi mwenye kujali itabidi ayakabili badala ya kuyaruka. Basmati ya Delia hutoka kwenye pakiti na tabia yake haibadiliki sana. Mchele wetu una tabia. Mchele mpya wa mavuno haunywi maji sawa na mchele uliokaa ghalani mwaka mzima. Nazi nazo, moja kubwa yenye nyama nene, nyingine imezeeka. Kuna anayekuna kwa mbuzi na kukamua kwa kifumbu, kuna anayesaga kwa blenda, kuna anayefungua kopo. Tui la kila mmoja lina uzito wake. Jiko la mkaa linategemea mkaa ulikotoka, na upepo wa siku hiyo. Haya yote yanapimika, lakini inataka mtu avunje nazi kumi, akamue, apime, aandike, apike wali mbaya mara kadhaa, aule mwenyewe bila kuurekodi, ndipo awashe kamera.

Basi mimi natangaza nafasi ya kazi. Namtaka mpishi, mwanamume au mwanamke, atakayeniambia tui zito la nazi moja ya wastani ni vikombe vingapi, na jepesi vingapi. Kilo moja ya mchele mpya wa Kyela inataka maji kiasi gani na ya mwaka jana kiasi gani. Makaa mangapi juu ya mfuniko, na kwa dakika ngapi. Asiweke muziki. Akitokea, nitamfuata hata kama anarusha vipindi saa nane usiku, na jina lake nitalisoma hapa hewani mimi mwenyewe.